Utelezi wa Birikani

Swali lilitufikia Ijumaa moja ya mwezi wa Agosti, katikati ya kiangazi, muda mchache baada ya kuteremka mimbarini. Aliyeuliza ni mwalimu wa kike anayesomesha madrasa ndogo katika kaunti ya Makueni, kando ya barabara itokayo Kibwezi kuelekea Mutomo, kabla ya kuufikia mto Athi. Alianza kwa adabu ya watu wa bara waliosomea pwani:

"Assalaam alaykum, Sheikh. Utuwie radhi kwa kukushughulisha. Birika letu limeota utelezi. Maji yamegeuka rangi, na harufu yake si ya maji. Baadhi ya akina mama wameacha kulitumia, wanatayamamu na maji wanayaona kwa macho yao. Wengine wanatawadha humo humo na kusali. Sasa wanawake wamekuwa makundi mawili, na maneno yameanza. Hukumu yake ni ipi?"

Kwa mtu aliyesoma vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii, swali hilo ni la mwanzo kabisa. Mlango wa tahara ndio tuliofunguliwa tukiwa watoto juu ya mkeka, kabla hatujajua kuandika majina yetu sawasawa. Maji yanayobadilika kwa kitu kisichoepukika, mathalani kwa kukaa muda mrefu, kwa udongo wa mahali yalipo, au kwa ule uoto wa majini ambao Waarabu huuita tuhlub, hubaki na jina lake la maji, na hubaki tahiri na yenye kutahirisha. Wanazuoni walilisamehe jambo hilo kwa sababu ya uzito wa kuyalinda maji nalo. Lakini mtu akiuchukua uoto huo, akautwanga na kuutia majini kwa makusudi hata yakageuka sana, hapo hukumu nayo yageuka.

Na chumvi je? Maana kisima chao kirefu kinatoa maji ya chumvi, kama vilivyo visima vingi vya sehemu kavu za Makueni na Kitui. Chumvi ya asili ya maji haidhuru udhu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa kuhusu bahari na watu waliokuwa wakisafiri na maji matamu machache, akawajibu kwamba maji yake yanatahirisha. Ikiwa bahari nzima imekubaliwa, kisima cha Makueni ni nani hata kikataliwe?

Basi tulimjibu yote hayo kwa dakika tano, tukaongeza kwamba waliotayamamu ilhali maji yapo warudie sala zao. Lau tungalinyamaza hapo tungalikuwa salama. Tulipomsikia akishukuru, tuliona raha ya kujua, na raha hiyo ikatutoa nje ya elimu yetu. Tukamwambia: "Na ili kuikata fitina, uondoeni huo utelezi. Tieni mrututu."

Mrututu ni ile chumvi ya shaba yenye rangi ya samawati ambayo wazee wetu wakiipaka juu ya vidonda, na wakulima huitumia kuua ukungu wa mimea. Ni kweli kwamba huua uoto wa majini. Mwalimu akauliza kiasi gani. Hatukujua ukubwa wa birika, hatukujua kina chake, wala hatukupata kuitia dawa hiyo katika maji yoyote maishani mwetu. Tukasema: "Kama ngumi ya mtu."

Siku ya nne simu ililia alfajiri. Hakuwa mwalimu, alikuwa binti yake wa miaka tisa, ambaye hutuita Babu Sheikh.

"Shikamoo, Babu Sheikh. Perege wamekufa. Wote kumi na tisa. Amebaki mmoja."

Hatukuwa tumeuliza kama birika lile lina samaki. Na sisi, jamani, ni watu wa pwani! Tumekulia misikiti ambayo mabirika yake yalikuwa na samaki wadogo waliowekwa wale viluwiluwi vya mbu, na tukiwa watoto tukigombezwa kwa kuwakorofisha kwa kata. Watoto wa madrasa ile walichanga sarafu zao, wakanunua perege, ndio hao tilapia, wakawapa majina ya maswahaba wa kike na wa kiume, na binti huyu ndiye aliyekuwa mlezi wao.

Asiyejua sheria angeliomba msamaha, mambo yakaisha. Lakini sheria tunayoisomesha yasema kwamba mwenye kuharibu mali ya mtu ana dhamana yake, awe amekusudia au hakukusudia. Kutokukusudia humwondolea dhambi, hakumwondolei deni. Na wanyama katika madhehebu yetu hulipwa kwa thamani. Tukamwambia mwalimu kwamba tutaleta fedha. Akacheka kidogo, akasema, "Sheikh, binti yako hataki fedha. Anataka perege." Mwenye haki akiridhia badali nyingine, na iwe hiyo. Tukafunga safari.

Tulipanda treni ya asubuhi, ile isimamayo vituo vya njiani, na tulimchukua mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, kijana wa Mombasa ambaye sebuleni kwa mama yake ameweka tangi la kioo la samaki wa bahari. Dada yetu hulalamika daima juu ya umeme wa zile taa na pampu, nasi tukimwona kijana huyo kuwa ni mtu wa kupoteza wakati. Tunayaandika haya akisoma, kwa hiyo na tuseme wazi: tulikosea.

Tulipofika, birika lilikuwa limeanza kuota tena. Siku kumi tu baada ya mrututu! Lina urefu wa hatua tano na upana wa hatua mbili, maji yafika kiunoni, na juu yake kuna paa la mabati yanayopitisha nuru, ambayo wafadhili wa pwani waliyatoa ili akina mama waone vizuri wakati wa kutawadha. Sisi tulikuwa miongoni mwa walioichangia fedha hiyo. Zamani lilikuwa na paa la makuti na giza lake, na hapakuwa na utelezi.

Mpwa wetu alipiga magoti, akakunja mkono wa shati, akatia vidole ukutani. Kikatoka kipande kizima, laini, cha rangi ya kijani iliyoelekea bluu na weusi, mfano wa ile ngozi ijifanyayo juu ya maziwa yaliyochemka. Akakinusa. Akatupa sisi tunuse. Ilikuwa harufu ya udongo, ile ile inayopanda ardhini mvua ya kwanza inapoanguka juu ya vumbi la Ukambani.

"Mjomba," akasema, "huu si mwani."

Akatueleza, na wenye mabirika, matangi na vidimbwi majumbani na wasikilize, kwani maelezo yake ndiyo tuliyopaswa kuyatafuta kabla ya kufungua kinywa. Kuna unga wa rangi ya kahawia unaofunika kuta za tangi jipya katika wiki zake za mwanzo; huo hufutika kwa kidole, na mara nyingi huondoka wenyewe. Kuna mwani wa kweli wa kijani, wenye nyuzi. Ukizungusha kijiti ndani yake hujisokota juu ya kijiti kama uzi juu ya kibiringo, na ukiuvuta hushikilia ukuta. Kuna ute wa rangi ya kutu unaoota ndani ya mabomba ya visima virefu, mahali ambapo jua halifiki kabisa. Huo ni kazi ya bakteria wanaokula chuma cha maji. Na kuna huu: tando linalobanduka vipande vipande, linaloteleza kama kamasi, lenye viputo vya hewa chini yake wakati wa alasiri, na ambalo ukilikwangua leo, siku chache baadaye limerudi.

Jina lake ni sayanobakteria. Ni bakteria, lakini hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama mimea, na vile viputo ni oksijeni waitoayo. Wataalamu wa historia ya ardhi wanasema kwamba viumbe hawa ndio walioanza kuijaza dunia hewa ya oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, kabla ya kuwapo jani wala mnyama. Heroe wa Ziwa Bogoria na Ziwa Nakuru hula jamii yao mojawapo. Na kule Kisumu ndio wanaoigeuza Ghuba ya Winam kuwa kijani. Katika tangi la bahari la kijana wetu walimjia kwa rangi nyekundu iliyoiva, wakafunika mchanga na mawe hata samaki wake wadogo wa rangi ya machungwa wakawa kama wanaogelea juu ya zulia.

Alitukiri jambo. Yeye naye, mara ya kwanza, alikwenda dukani akanunua dawa ya kuua bakteria, ile ya vidonge wapewayo wagonjwa, akaitia tangini. Zulia lilitoweka siku tatu. Kisha lilirudi, na safari hii bakteria wema, wale wanaousafisha uchafu wa samaki na kuugeuza kuwa kitu kisichowadhuru, walikuwa wamepungua pamoja nalo. Alipoteza samaki wawili. "Kwa hiyo, Mjomba, tuko sawasawa," akasema. Hatukuwa sawasawa. Yeye alipoteza wake. Sisi tulipoteza wa yatima. (Binti yule baba yake alifariki katika ajali ya barabarani, hatukuwa tumelisema hilo hapo juu kwa kuwa mama yake hapendi lisemwe kwanza.)

Kwa nini perege walikufa? Shaba yenyewe huwadhuru samaki katika mashavu yao wanayopumulia. Lakini hata kama shaba isingewaua, utelezi wote ulikufa kwa pamoja, ukazama, ukaoza, na kuoza hula oksijeni ya maji. Binti alituambia kwamba alfajiri ya siku ya tatu aliwaona wote wamekuja juu, wanafungua na kufumba vinywa. Akadhani wana njaa. Akawapa chakula.

Hilo la chakula ndilo lililotufikisha kwenye mzizi. Tuliketi chini ya mkilifi, tukahesabu kinachoingia katika birika lile kwa siku moja. Asubuhi binti huwalisha samaki. Kila mtoto wa madrasa, na wako thelathini na wawili, hutaka naye kuwalisha, kwa hiyo hutupa kidogo chapati, kidogo ugali, na siku ya maulidi hutupa wali wa nazi. Akina mama wengine hufua ukingoni, na povu la sabuni huteremka. Vumbi la samadi ya mbuzi hupeperushwa na upepo. Samaki nao wana choo chao. Hayo yote yakioza huacha majini fosfati na naitreti, ambazo ni mbolea, na mbolea haiulizi unalotaka kupanda.

Kisha akauliza: "Ustadha, maji mnayabadilisha lini?"

"Kila siku, mwanangu. Yakipungua tunafungulia bomba, tunajaza."

"Mnaongeza. Nimeuliza mnabadilisha lini?"

Kimya kilipita. Sisi pia hatukuwa tumepata kuutofautisha msamiati huo. Jua la Makueni likiyavuta maji, huvuta maji peke yake. Chumvi na mbolea hubaki. Ukijaza tena kwa maji ya kisima cha chumvi, umeleta chumvi nyingine juu ya ile. Mwezi hata mwezi birika huzidi kuwa zito, ingawa kimo chake ni kile kile. Wafugaji wa samaki wa bahari wanalijua hili vizuri: pengo la maji yaliyofuka hujazwa kwa maji matamu, na maji ya chumvi hutumika pale tu yanapotolewa machafu na kuwekwa mapya. Pale msikitini maji matamu ya kuzibia pengo yangeweza kupatikana, kwani paa lile la mabati halikuwa na mfereji hata mmoja wa kukinga mvua.

Jambo jingine alilituuliza mwalimu, si kijana, na alilisema faraghani. "Sheikh, ulitwambia maji ni tahiri. Lakini je, hayadhuru?"

Wasomaji wetu watafahamu jinsi swali hili lilivyotuingia. Maswali yalikuwa mawili, nasi tulijibu moja tukadhani tumeyajibu yote. Baadhi ya sayanobakteria hutoa sumu, nyingine za kudhuru ini na nyingine za kudhuru mishipa ya fahamu, na kuchemsha maji hakuziondoi. Mtu hawezi kujua kwa macho kama tando lililo mbele yake ni lenye sumu au silo, hupimwa maabara. Watoto wale walikuwa wakisukutua kwa maji hayo mara kadhaa kila siku, na mtoto akisukutua humeza. Maji yaweza kuwa tahiri na bado yakawa na madhara, na dini yetu imekataza kujidhuru na kuwadhuru wengine. Tukamwambia basi kwamba kusukutua na kupandisha maji puani, kwa madhehebu yetu, ni sunna. Nguzo za udhu hazimo hizo mbili. Kwa hiyo mpaka birika lisafike, watoto wasukutue kwa maji ya mtungi, au waache, na udhu wao ni kamili.

Ndipo tulipoona pia mfereji mdogo unaotoka birikani kwenda kwenye hori la kondoo. Ulikuwa umezibwa kwa kitambaa. Tuliuliza nani aliuziba. Mwalimu akasema aliuziba yeye usiku ule ule alipotia mrututu, kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa akisema kondoo na shaba haviendani. Hilo ni kweli. Kondoo hawastahimili shaba kama wastahimilivyo mbuzi au ng'ombe. Hatukuwa tumemwonya. Ana kondoo kumi na mmoja.

Kazi ilichukua siku tano, na tulifanyishwa kazi, hatukukaa kusimamia. Perege aliyebaki tulimhamishia katika karai kubwa. Tukalinyonya tando kwa mpira wa maji: ncha moja chini ya birika juu ya utelezi, ncha nyingine chini zaidi nje, maji yakavuta tando pamoja nayo. Kulikwangua tu kwa brashi ni kulitawanya likaote kwingine. Maji yale yenye shaba hatukuyaelekeza bustanini wala horini. Tulichimba shimo mbali na kisima. Kisha tukajaza, tukamwaga tena, ili shaba iliyobaki kutani ipungue.

Baada ya hapo kijana akasema panatakiwa giza. Siku tatu mfululizo, bila nuru hata ya tundu. Tulifikiria turubai, lakini turubai lililokuwapo lilikuwa limechanika. Akina mama wakaingia majumbani mwao, wakatoka na mabuibui ya zamani yaliyopauka, ya wao na ya mama zao, wakakaa kivulini wakayaunga kwa sindano hata yakawa pazia moja jeusi. Makundi yale mawili, la tayamamu na la udhu, yalikaa mkeka mmoja; hatukusikia nani aliyeanza kuzungumza na nani. Pazia likafunika birika usiku na mchana, watu wakatawadha kwa madebe. Siku ya nne tulipolifunua, masalia ya tando yalikuwa yamefifia na kulegea. Tukayanyonya yakaisha.

Siku ambazo birika lilikuwa gizani tulipata nafasi ya kwenda Kitui. Jirani mmoja wa mwalimu, mama wa Kikamba asiyekuwa Muislamu, ambaye alikuja kusaidia kuchimba shimo bila ya kuitwa, alitwambia: "Ninyi mnahangaika na maji ya juani. Nendeni mkaone maji yaliyofichwa." Tukavuka Athi, tukapita Mutomo, akatushusha kwenye mto ambao kwa macho yetu haukuwa mto. Mchanga mtupu, mweupe, na ukuta wa zege ulioukata kutoka mwamba hadi mwamba.

Hilo ndilo bwawa la mchanga. Watu wa Kitui na Makueni wameyajenga kwa mamia, kwa kazi ya pamoja waiitayo mwethya ambayo wanawake ndio wengi ndani yake, na kwa msaada wa mashirika kama SASOL upande wa Kitui na Utooni upande wa Makueni. Mafuriko ya masika na ya vuli huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na baina ya chembe za mchanga hukaa maji. Robo ya ujazo wake, na pengine hadi asilimia 40. Mama yule alichimba kwa mikono kina cha dhiraa moja. Maji yakaanza kukusanyika, yakatulia, akatuchotea kwa kibuyu. Yalikuwa matamu na ya baridi. Jua halikuyafikia, mbu hakupata pa kutagia, na utelezi hauwezi kuota mahali ambapo hakuna nuru.

Mpwa wetu alikaa kimya muda mrefu kwa kijana wa tabia yake. Halafu akasema, "Mjomba, hili ni tangi lisilo na taa."

Tulirudi na fikira. Mafundi wa pale waliweka pipa la plastiki jeusi kando ya birika, changarawe chini na mchanga safi wa mto juu, na pampu ndogo ya nishati ya jua inayoyapandisha maji ya birika yachuje polepole ndani ya mchanga na kurudi. Maji yakapata mwendo, kwani tando lile hupenda maji yaliyolala. Kijana akaeleza kwamba baada ya wiki mbili tatu, juu ya mchanga wa pipa utaota utando mwembamba wa viumbe wadogo, nao usioshwe, kwa kuwa huo ndio usafishao maji.

Mwalimu akamtazama. "Mwanangu, umetuondolea utelezi birikani ukatuotesha utelezi pipani?"

"Ndiyo, Ustadha. Ila huu tumeuweka mahali pake pa kazi."

Mengine yalikuwa ya kawaida. Nusu ya mabati ya nuru yaliezuliwa, yakawekwa makuti. Paa lilitiwa mfereji na tangi la mvua. Kufua kulihamishiwa mbali. Kila Alhamisi, robo ya maji hutolewa kwa mpira kutoka chini, palipokaa uchafu. Na samaki hulishwa mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizika kabla mtu hajamaliza kusoma Yasini; kinachobaki kikielea huondolewa kwa chujio. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu watoto thelathini na wawili hawawezi kuelewa kwamba kunyima ni kupenda. Binti alitengeneza orodha ya zamu.

Mvua za vuli, ambazo katika Ukambani ndizo zinazotegemewa zaidi, zilipoanza mwezi wa Novemba, tulirudi kulipa. Tulinunua perege ishirini kwa mfugaji mmoja wa Makueni, mmoja wa ziada kwa ajili ya njia, tukawabeba katika mifuko ya maji iliyojaa hewa juu ya magoti yetu ndani ya matatu. Abiria walitukodolea macho, na kondakta akatuuliza kama samaki nao wanalipa nauli.

Birika lilikuwa safi. Perege wa zamani alikuwa amenenepa. Tulitaka kuwamimina wageni mara moja, lakini binti alituzuia. Kijana alikuwa amemfundisha kwa simu. Akaiweka mifuko ielee juu ya maji, akaifungua, na kila baada ya muda akatia ndani yake kikombe kimoja cha maji ya birika, ili wale waliotoka maji matamu wazoee chumvi kidogo kidogo. Alifanya hivyo tangu baada ya sala ya adhuhuri hadi ilipokaribia alasiri. Tuliketi karibu naye. Hakutuachia kikombe hata mara moja.

Alipowaachia, alihesabu kwa kidole. Wawili walikuwa wamekufa ndani ya mfuko, njiani.

"Kumi na wanane," akasema. "Bado mmoja, Babu Sheikh."

Tumeliandika deni hilo katika daftari letu. Mfugaji amesema atakuwa na wengine baada ya Ramadhani, inshallah.